Ugomvi Ulioganda: Jinsi ya Kuumaliza na Mtu Utakayemwona Tena Kesho Asubuhi

Mwezi wa saba Mafinga, mafuta ya kupikia yanaganda kwenye chupa. Unaamka unataka kukaanga yai, unageuza chupa kichwa chini, hakitoki kitu. Ugomvi wa huku kwetu uko hivyo hivyo. Sisi watu wa nyanda za juu tukikosana hatupigi kelele, tunanyamaza. Salamu inaendelea kama kawaida, "kamwene" inajibiwa "kamwene", ila baada ya hapo hakuna neno. Mgeni akipita anadhani pale kazini pana amani tele.

Nilisimamia zamu kwenye kiwanda kimoja cha mbao upande wa Mufindi kwa miaka sita, halafu nikahamia Uyole, Mbeya, ambako nanunua na kuuza viazi. Sikusomea ushauri nasaha. Mengi ya humu nimeyajua kwa kukosea, na kosa kubwa kuliko yote nalisimulia kwanza.

Siku hiyo lori la Dar lilikuwa linapakiwa mbao za mbili kwa nne. Mama aliyeshika daftari la hesabu, Mngoni wa Songea, alisema idadi imetimia. Nilipohesabu mimi nikakuta pungufu ya mbao 14. Dereva yupo, vijana wa kupakia wapo, nami nikasema kwa sauti, "Mama, wewe hesabu zako huwa hazieleweki." Hakujibu. Akafunga daftari, akaenda kunywa chai.

Sasa, mimi ni Mhehe. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya 1878 na 1882, na leo ni watani. Mama huyu alikuwa hapitishi siku bila kuniuliza jana nimekula mbwa wa nani, maana Wahehe tunataniwa kwamba tunakula mbwa. Kuanzia siku ile hakuuliza tena. Alinisalimia kwa heshima zote, akaniita "msimamizi", akafanya kazi yake bila kupunguza wala kuongeza. Zamani akiona lori limepangwa vibaya alikuwa ananishtua mapema. Sasa aliandika alichokiona, akafunga daftari. Ilinichukua wiki tatu kutambua kwamba tumegombana.

Kila ugomvi una saizi yake siku unapozaliwa, na mara nyingi ni ndogo. Kimya ndicho kinachounenepesha. Hatua zifuatazo zina kazi moja tu: kuurudisha kwenye saizi yake, hadi utoshe juu ya meza ya watu wawili.

Kabla ya yote: hakikisha ni ugomvi

Si kila jambo ni la "tukae tuyamalize". Mume anayepiga, bosi anayetaka rushwa ya ngono ili akupe mkataba, mtoto aliyefanyiwa ukatili: hayo si mambo ya kikao wala ya mbuzi wa faini. Nenda kituo cha polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, na kama umeumizwa omba PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Kwa mtoto, namba 116 inapigwa bure. Mzee akikuambia "usiaibishe ukoo", msikilize kwa adabu, kisha nenda.

Mengine yote, endelea kusoma.

Hatua ya 1: Acha ipoe, lakini isigande

Ukiwa na hasira usiku mmoja unatosha. Jambo likiwa zito, jipe siku tatu. Zaidi ya hapo unaanza kukusanya ushahidi: akichelewa ni dharau, akiwahi anajipendekeza, akicheka na mwenzake wanakuteta wewe. Hapo hata akitaka kupatana hana pa kuingilia.

Katika siku hizo usimwambie mtu wa kazini. Kama moyo hautulii, mwambie mmoja asiyemjua mwenzako kabisa. Ukishawaambia watatu, umeshafungua kesi, na wale watatu watataka kujua nani ameshinda.

Hatua ya 2: Andika ugomvi wenyewe kwa sentensi moja

Chukua karatasi kweli, usiandike kichwani. Andika siku, kitendo, na hasara. "Jumatatu ulifungua duka saa tatu badala ya saa moja, wateja wawili wakaenda kwa jirani." Basi. Kama sentensi haitoshi, una magomvi mawili. Chagua moja, lingine liweke akiba.

Kisha soma tena ukitafuta adui mmoja mdogo: kile kiambishi *hu-*, na ndugu yake wa mtaani *-gi*. "Wewe huchelewa." "Unachelewagi." "Huwa husikilizi." Angalia kinachotokea. "Umechelewa Jumatatu" ni kitendo, na kitendo kina dawa. "Huchelewa" ni tabia, na mtu akiambiwa tabia yake ni mbaya hawezi kukukubalia papo hapo hata kama ni kweli. Lazima ajitetee yeye mzima, na mama yake aliyemlea. Sentensi yangu kwa mama wa daftari ilikuwa na *huwa* ndani yake. Mbao 14 za siku ile nilizigeuza kuwa maisha yake yote ya kazi.

Ondoa pia "kila mtu anasema". Kila mtu hayupo kwenye kikao hicho.

Hatua ya 3: Chagua saa na mahali

Iringa mjini kuna jiwe la Gangilonga, na jina hilo kwa Kihehe lina maana ya jiwe linalosema. Napenda kuwatania vijana kwamba sisi tulihitaji jiwe litusemee kwa sababu wenyewe hatusemi. Si lazima upande jiwe. Inatosha mahali ambapo hakuna anayesikiliza na hakuna aliyekaa kwenye kiti kikubwa kuliko mwenzake. Ofisini kwa bosi hapafai kama bosi ni wewe. Kutembea pamoja kunafaa sana, maana mkitembea hamtazamani usoni, na maneno magumu yanatoka kirahisi zaidi kwa watu wanaotazama barabara.

Pasipofaa napajua kwa uzoefu. Kundi la WhatsApp la kazini halifai, hata kwa fumbo. Ujumbe wa sauti wa saa nne usiku ndio kabisa, kwa sababu atausikiliza mara saba na kila mara utakuwa mkali zaidi. Kilabuni kwenye ulanzi, pombe yetu ya mianzi, msiende na ugomvi. Ulanzi unafungua midomo, ni kweli, lakini asubuhi kila mmoja anakumbuka mapatano yake peke yake.

Omba nafasi waziwazi: "Dada, naomba dakika kumi zako leo baada ya kazi, kuna jambo la juzi nataka tuliongee." Taja kwamba ni la juzi. Ukisema tu "nina maongezi na wewe", hatalala.

Mtu akiwa amekuzidi umri, taratibu inabadilika. Usimwendee peke yako na karatasi yako. Tanguliza mtu wa rika lake, aseme "kijana anaomba kuja kuongea", halafu wewe ufike na shikamoo isiyo na haraka. Kwa Wanyakyusa salamu yenyewe, *ugonile*, inauliza kama mtu amelala salama; sasa ukimuuliza mzee hivyo na kabla hajajibu umeshaanza kesi, umemwambia kwamba usingizi wake haukuhusu.

Hatua ya 4: Sema moja, kisha nyamaza

Sema ile sentensi ya kwenye karatasi, ongeza ilivyokugusa, uliza swali. "Jumatano ulinisahihisha mbele ya wateja. Niliumia. Wewe uliionaje siku ile?" Kisha funga mdomo, hata akikaa kimya dakika nzima. Kimya cha dakika moja kinatisha, na wengi wetu tunakijaza kwa kurudia lawama au kuiremba. Kiache.

Akianza kusema usimkatize, hata akisema uongo. Utapata zamu. Akimaliza, mrudishie ulichosikia: "Kwa hiyo unasema hukukusudia, ila nami nilikuwa nimekujibu vibaya asubuhi?" Halafu uliza maneno mawili ambayo kwangu yamefanya kazi kuliko hotuba zote: "Kuna lingine?"

Jibu la kwanza ni lile alilojiandalia. La pili ndilo lililomleta.

Hatua ya 5: Angalia chini ya gunia

Hapa nitakaa kidogo. Watu hugombana kwa jambo la heshima ili wasiseme jambo la aibu.

Kuna mzee wa milima ya Uporoto niliyekuwa nanunua viazi kwake misimu mitatu. Msimu wa nne akaniambia hana mzigo, na wakati huo huo nikaona gari la mtu mwingine likishuka na magunia yake. Nikamtanguliza mzee wa kanisa, maana upande ule Wamoravian ni wengi na mzee wa kanisa anasikilizwa, kisha nikaenda. Mzee akalalamikia lumbesa. Akasema kwa nguvu kabisa: mnajaza gunia, mnashonea kilemba juu, mnalipa gunia moja mnabeba gunia na nusu. Alikuwa na haki. Lumbesa imekatazwa kisheria, gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, na mimi nilikuwa nafanya kama wenzangu wote barabara nzima ile. Sikuwa na pa kujitetea.

Lakini lumbesa ilikuwepo misimu yote mitatu na tuliuziana. Nikauliza, "Kuna lingine, baba?" Akatazama shamba. Ndipo akasema msimu uliopita nilimlipa baada ya wiki mbili, na binti yake aliyekuwa chuoni alizuiwa mtihani kwa ajili ya ada. Alikwenda kukopa kwa mdogo wake, jambo ambalo alikuwa ameapa hatalifanya.

Lumbesa ni malalamiko ambayo mkulima yeyote anaweza kuyasema hadharani akapigiwa makofi. Kukopa kwa mdogo wako husemi. Laiti ningeleta mizani tu na kuondoka, ningetatua ugomvi ambao haukuwa wenyewe. Kwa hiyo, mwenzako akikusemesha kuhusu kikombe chake kilichotumika bila ruhusa, zamu ya kufagia, au nani hakualikwa kwenye sherehe, likubali hilo kwanza, kisha jiulize kimoyomoyo: hapa kuna fedha, heshima, au hofu? Usimwambie umegundua. Uliza tu, usubiri.

Hatua ya 6: Omba radhi palepale ulipokosea

Kiswahili kimetupa maneno mengi na tunayachanganya makusudi. *Pole* ni ya aliyeumia, haisemi nani kaumiza. *Samahani* ni ya kukanyagana kwenye daladala. *Yaishe* ni amri, hasa ikitoka kwa mkubwa. Ukikosea kweli, sema *nimekosea*, taja kosa lenyewe, useme *nisamehe*, kisha useme utafanya nini. Usianze na "kama nimekukosea", maana "kama" hiyo inarudisha kesi mwanzo. Wala usimalizie na "lakini".

Na mahali. Mimi baada ya zile wiki tatu nilimwita mama wa daftari chemba, nikamwomba radhi kwa unyenyekevu wote. Akasema, "Nimesikia, msimamizi." Msimamizi! Kesho yake hali ile ile. Nikamwendea tena, nikauliza kama kuna lingine. Akanijibu maneno ambayo sijayasahau: "Ulinivua nguo uwanjani, umekuja kunivisha chumbani. Wale vijana wanajua mimi sijui kuhesabu."

Mazungumzo yafanyike faraghani, ndiyo. Lakini heshima iliyovunjwa mbele ya watu inarudishwa mbele ya watu wale wale. Saa ya chai nikasimama kwenye rundo la mbao, nikawaambia vijana na dereva kwamba siku ile nilimtukana mama kwa kosa ambalo sikulichunguza. Na kweli sikulichunguza: zile mbao 14 zilikuwa zimeshapakiwa asubuhi, chini kabisa, naye alikuwa ameziandika ukurasa wa nyuma. Miguu ilitetemeka kidogo, nakiri. Vijana wakacheka. Haikuniua.

Hatua ya 7: Kubalianeni kitu kinachoonekana kwa macho

"Tuheshimiane" si makubaliano, ni dua. Kitu kinachoonekana ni hiki: mimi na mzee wa Uporoto tulikubaliana mizani iwepo shambani, gunia lisizidi kilo 100, na fedha iingie kwenye simu yake kabla gari halijawashwa. Nikipungukiwa namwambia jana yake jioni, si siku ya kupakia. Kazini tulikubaliana kuhesabu wawili, yeye anaanza mbele mimi nyuma, tukipishana tunarudia kabla hatujafungua mdomo.

Andikeni. Daftari la kawaida linatosha, tarehe na mistari mitatu. Kwenye kikoba, kwenye biashara ya ubia, kwa wapangaji wanaochangia luku ya umeme, mistari mitatu imeokoa urafiki mwingi. Baada ya wiki mbili ulizaneni kama linafanyika.

Hatua ya 8: Ikishindikana, tafuta mtu wa kati

Asiwe rafiki yako, asiwe mtu anayekudai, asiwe mtu atakayefaidika mkibaki mmenuniana. Kwenye familia mara nyingi ni shangazi au mjomba anayesema kidogo. Kwenye ndoa mshenga ana kazi hata baada ya harusi, ingawa wengi tunamsahau mpaka maji yazidi unga. Mpe ile karatasi yako ya sentensi moja, umwombe awasikilize wote wawili.

Zaidi ya hapo kuna mabaraza, na kila moja lina mlango wake. Ugomvi wa mpaka wa shamba kijijini unaanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lililowekwa na sheria ya 1999: wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu. Baraza la Kata nalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 halitoi tena hukumu ya ardhi, linasuluhisha tu, na siku 30 zikipita bila mapatano mnaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa ndoa, sheria ya 1971 inataka mpite kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani, isipokuwa kwa sababu maalumu.

Kwa kazi ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo ina ofisi Mbeya na Iringa. Hapo shika tarehe kama unavyoshika nauli. Ukiona umeachishwa kazi isivyo haki, una siku 30 tu za kupeleka lalamiko. Migogoro mingine siku 60. Nimewaona watu wakisubiri bosi "apoe moyo" miezi mitatu, na walipofika wakaanza kuulizwa kwanza kwa nini wamechelewa. Hapo CMA wanaanza na usuluhishi, ambapo msuluhishi hahukumu, anawasaidia mpatane. Ikishindikana ndipo inakwenda kwenye uamuzi. Hatua za huko nyuma hazipotei: karatasi yako yenye tarehe na kitendo ndiyo utakayoishika mkononi.

Hatua ya 9: Fanya kazi kabla ugomvi haujaja

Hii ni fupi. Nenda msibani kwa mwenzako hata kama ni Makete na mvua inanyesha. Jua jina la mtoto wake. Mshukuru kwa kitendo, kwa tarehe, vile vile kama unavyomlaumu. Tania anayekutania, ila ukiwa na cheo ngoja aanze yeye, kwa sababu utani unaoshuka kutoka juu una harufu ya matusi.

Na sikiliza utani unapokatika. Kwangu hiyo ndiyo kengele ya mapema kuliko zote. Anayenuna bado anakusemesha kwa uso wake. Aliyeacha kukutania ameshakuhamisha kutoka kwa watu wake.

Baada ya ile saa ya chai, mama wa daftari hakubadilika mara moja. Wiki ya kwanza tulihesabu wawili kimya kimya, yeye mbele mimi nyuma. Wiki ya pili aliniita "baba" badala ya msimamizi. Ijumaa ya wiki ya tatu, tukiwa katikati ya rundo la mbao za moja kwa nane, mbwa wa mlinzi akapita mbele yetu akitikisa mkia. Mama akasimamisha kalamu, akamtazama mbwa, akanitazama mimi.

"Huyu," akasema, "nimwandike kwenye hesabu ya leo, au umeshakula?"